Tabo na Shikamoo

Gari lilifia mlangoni kwa Sabiri siku ya hitma ya marehemu mama yake, wakati baraza limejaa watu na pilau inakaribia kupakuliwa. Lilikohoa, likatoa moshi wa buluu uliowafuata wapishi mpaka uani, kisha likanyamaza. Ndani yake alikuwa Mwanahawa, fundi cherehani wa Ipuli, mke wa mdogo wake Sabiri, mwanamke wa miaka arobaini na ushei. Alivaa baibui jipya na bado alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Gari lilikuwa lake. Hakuazima wala hakupewa. Alilinunua kwa pesa za kushona sare za shule, na hilo liliwauma wengi kuliko moshi.

Lilikuwa gari la mbio la Kijapani, la zamani, la milango miwili, lililolala chini kiasi kwamba ukitaka kutoka sharti utangulize mguu na kumtaja Mungu. Lilitoka kiwandani jekundu. Jua la Tabora likaichujua rangi hiyo mpaka ikawa haieleweki, ndipo mji ukaliita Matobolwa, kama vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi visinyae. Jina likanata, na hata watoto waliosikia mngurumo wake kwa mbali waliliita hivyo.

"Karibu, Matobolwa!" alipaza sauti Mha mmoja aliyekuja hitmani kwa sababu Waha na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakosi penye pilau. "Na wewe umekuja kusomewa? Jamani, ongezeni dua, leo marehemu ni wawili!"

Baraza zima likaangua kicheko, msibani pale pale. Utani hauna dawa. Anayetaniwa akinuna ndiye anayeonekana mkosefu, kwa hiyo Mwanahawa naye alicheka, lakini kwa meno tu.

"Lisogezeni, wageni wapite," alisema Sabiri.

Wanaume wakapandisha kanzu zao na kusukuma. Nyuma kabisa, kichwa kimeinama, alikuwepo Mussa, mume wa Mwanahawa, seremala. Mmoja wa wasukumaji aliteleza na kujipaka oili kifuani, akaitazama kanzu yake, kisha akamtazama Mussa kana kwamba Mussa ndiye aliyevuja. Mussa akaomba radhi. Siku ile aliomba radhi kwa kila mtu, pamoja na wale ambao hawakudai.

Sabiri hakusukuma. Alikuwa kaka mkubwa, mwenye duka la vitambaa mjini, mtu anayependa mambo yake yanyooke. Alimsubiri shemeji yake atoke garini, mguu kwanza.

"Mama Najiat, mara ya pili hii."

"Ni tabo, shemeji."

"Naona taabu."

"Nimesema tabo, shemeji. Kile kifaa kinachosukumia injini hewa."

"Na mimi nimesema taabu," alijibu Sabiri, kwa sauti ya kusikiwa barazani. "Ingia ndani ukale. Baadaye tutazungumza."

Mwanahawa akaingia akala. Pilau aliimaliza yote, maana angeacha hata tonge moja wangesema aibu imemshibisha.

*

Emilian alikuwa fundi wa magari, kijana kutoka Urambo aliyefungua gereji karibu na reli. Alilifungua lile gari mchana kutwa wa siku iliyofuata, na jioni akaita. Mwanahawa alikuja na Mussa. Emilian alikuwa ameshika tabo mkononi, chuma chenye umbo la konokono, akaichezesha shafti, mhimili wake wa ndani, kwa kidole ili waone jinsi inavyopwaya.

"Imekufa, mama."

"Si juzi tu umenifungia hii?"

"Ndilo linaloniuma. Ile ya kwanza nilisema ni uzee. Hii nimeichagua mimi, nimeifunga mimi, oili nimeweka mimi, tena oili nzuri." Alipangusa mikono kwa kitambaa kisichoweza tena kumpangusa mtu. "Nikuulize, usikasirike. Nilikwambia ukitoka mbio usizime gari papo hapo. Uliache lingurume kidogo, tabo ipoe, ndipo uzime. Unafanya hivyo?"

"Nafanya."

"Kila siku?"

"Emilian, mimi nimeshona sare za watoto wa watu miaka ishirini. Nikiambiwa inchi moja ni inchi moja. Muulize huyu."

Mussa akaitikia. Ni kweli, alisema. Akifika nyumbani anakaa ndani ya gari linanguruma, majirani wanafunga madirisha, naye hatoki mpaka muda utimie. Emilian alimwamini. Mussa hakuwa mtu wa kusema uongo, na hata angekuwa, asingesema uongo wa kulitetea gari ambalo hajawahi kulipanda.

"Basi sijui," alisema Emilian. "Na fundi akisema hajui, mama, mjue amefika mwisho."

Akataja bei ya tabo nyingine, ya kuagizwa Dar na kuletwa kwa basi. Mwanahawa akakalia tairi lililokuwa karibu. Mussa akatazama reli.

"Agiza," alisema Mwanahawa.

"Mama Najiat," Mussa alisema polepole.

"Nina vyerehani viwili na mwili mmoja. Kimoja kitauzwa. Hakuna mtu anayekalia viti viwili."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani vijana wa bodaboda waliuliza Matobolwa amelazwa wodi gani. Mwanahawa akawajibu kwamba amelazwa wodi ya wazazi, atarudi na mtoto. Mussa hakucheka. Walipofika uani alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akavua kofia.

"Mimi sijawahi kukukataza," alisema.

"Hujawahi."

"Karakana wananiita mzigo wa Matobolwa. Na sijapanda hata siku moja. Je, ningepanda ingekuwaje?"

"Ndiyo maana hupandi?"

"Ndiyo. Naona haya mke wangu kunipakia." Alilisema waziwazi, na usoni pake palionekana kwamba lilikuwa limemkaa muda mrefu. "Lakini leo nakuuliza mwenyewe, bila ya watu. Ulilitakia nini?"

Mwanahawa alifikiri. Angeweza kusema kazi, kupeleka sare Urambo na Kaliua, na lisingekuwa uongo. Lakini mtu aliyeuliza alikuwa mumewe, na aliuliza kwa upole.

"Nikiwa ndani yake na barabara imenyooka, hakuna anayeniita," alisema. "Mama Najiat njoo, fundi malizia, wifi leta, shemeji ondoa. Naisikia injini tu. Nalipenda, Mussa. Basi. Sina sababu nyingine."

Mussa akaitazama kofia yake. Hakuelewa vizuri, lakini alijua kwamba hakudanganywa.

*

Mazungumzo aliyoahidi Sabiri yalifanyika kwake, baada ya sala ya alasiri. Aliketi yeye, akaketi dada yao Bi Zuwena, aliyekuwa mjane na aliyependa vikao kuliko harusi. Mussa na Mwanahawa walipewa mkeka mmoja, kama watoto waliogombana.

"Sina maneno mengi," alisema Sabiri, kisha akayatoa mengi. Alisema habari ya heshima ya ukoo. Alisema habari ya mke wa mdogo wake kuyapita mabasi katika barabara ya Urambo, hata yeye akienda msikitini anaulizwa, yule wenu anakimbizwa na nani? Alisema habari ya kanzu iliyoharibika hitmani, na jina la marehemu mama kuchanganywa na jina la viazi vikavu.

"Ungenunua Noah, wifi," alidakia Bi Zuwena. "Ungepakia abiria wa Urambo, ungepata kitu. Hili linabeba nini?"

Kwa Tabora lilikuwa swali la haki. Mji huu ulijengwa na watu waliobeba. Mababu waliondoka hapa na pembe za ndovu za watu wengine mabegani, wakaenda mpaka pwani, wakarudi na vitambaa vya watu wengine, na sifa iliyobaki mpaka leo ni kwamba walibeba vizuri. Mwanamke wa mji huu akinunua kitu kisichobeba hata gunia la mkaa, lazima aulizwe.

"Linanibeba mimi, wifi," alisema Mwanahawa.

"Wewe tu?"

"Mimi tu. Mimi nimebeba wengi. Nimemuuguza mama mkwe wangu mpaka akafa mikononi mwangu, nimesomesha, nimeshona mpaka macho yakaingia maji. Sasa kuna kitu kimoja kinanibeba mimi. Kosa liko wapi?"

Sabiri alikohoa.

"Kosa liko hapa. Kuna rafiki yangu, Bundala wa Kaliua. Analitaka. Injini ataifunga kwenye pikapu yake ya kubebea mbao, bodi atawauzia watu wa vyuma chakavu. Jumapili anakuja. Bei nzuri, kwa kitu kilichokufa."

"Siuzi, shemeji."

"Sijakuuliza wewe." Akamgeukia mdogo wake. "Mussa, ile karakana yako imesimama kwenye kiwanja changu. Sijawahi kukudai hata senti, maana wewe ni damu yangu. Lakini sitamhifadhi mtu asiyeweza kuiongoza nyumba yake. Jumapili lilete gari hapa. Usipolileta, ondoa mbao zako."

Mwanahawa alimtazama mumewe. Alingoja neno moja, hata neno dogo, hata "tutaona". Mussa alikuwa anavuta uzi wa mkeka.

Neno halikuja. Walipofika barabarani Mwanahawa alisimama.

"Ungesema kitu."

"Yule ni kaka yangu. Alinilea. Alinilipia ufundi."

"Najua. Na mimi ni nani?"

Usiku ule walilala wamepeana migongo.

*

Cherehani kikauzwa, tabo ikafika kwa basi ikiwa imefungwa kwenye gunia, Emilian akaifunga. Mwanahawa alikuwa na sare za kupeleka Urambo. Zilienea kwa shida kwenye kiti cha nyuma, ambacho wenye kiwanda waliwawekea watu wasio na miguu. Emilian akasema atafuatana naye.

"Safari hii nataka kulisikiliza mwenyewe," alisema. "Kwenda na kurudi. Likifa, life mbele yangu."

Kwenda walikwenda salama. Waliposhusha mzigo na kurudi, gari likiwa jepesi, Mwanahawa alikanyaga mafuta. Ile tabo ikaamka, ikapiga mluzi wake mwembamba, na mgongo wa Emilian ukabanwa kwenye kiti. Vibanda vya kukaushia tumbaku vikapita, na miombo ikapita, na baiskeli zenye magunia ya mkaa zikabaki nyuma. Ilikuwa njia ileile ya misafara ya zamani, iliyowachukua wapagazi siku nyingi za malengelenge. Mwanahawa aliimaliza huku anaimba, kwa sauti mbaya. Emilian alisikiliza injini, hakusikia ila uzima.

Wakaingia Ipuli. Barazani, kwenye kiti chake cha kamba, alikuwa ameketi mwalimu mzee wa madrasa. Mwanahawa akapunguza mwendo, akasimamisha gari mbele yake, akazungusha ufunguo. Injini ikazimika.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko mtokako?"

"Hatujambo, mwalimu."

Akawasha, akaondoka. Emilian alimgeukia, lakini kabla hajapata neno akatokea bibi mmoja na bakora yake. Gari likasimama. Ufunguo ukazungushwa.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari limepona?"

"Limepona, bibi."

"Mama," alisema Emilian bibi alipopita. Sauti ilimtoka kama mtu aliyeona nyoka. "Mama, unafanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Unazima! Gari limetoka mbio Urambo, tabo ya moto, halafu unazima!"

"Nani kazima? Nikifika nyumbani ndipo nazima. Tena naliacha lingurume, kama ulivyosema."

"Hapa umezima mara mbili, nimeona kwa macho!"

"Aa, hiyo siyo kuzima," alisema Mwanahawa, akimshangaa. "Hiyo ni kuamkia."

Emilian alifungua mlango, akatanguliza mguu, akatoka, akaketi kando ya barabara, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwanahawa akamfuata. Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimwambukiza, na wapita njia wakawaona watu wazima wawili wamekaa vumbini wanajifuta machozi pembeni ya Matobolwa.

Halafu Emilian akaeleza. Ile tabo inazunguka kwa kasi isiyosemeka, na kinachoipoza ni oili inayopita ndani yake. Ukizima ghafla oili inasimama mahali pa moto, inaungua, inageuka masizi, na masizi yanaitafuna shafti. Mara moja si neno. Lakini kila safari, kwa kila mzee kutoka barabara kuu mpaka nyumbani?

"Ipuli ina wazee wengi, mama. Umeziua tabo mbili kwa shikamoo."

Kicheko kikamwisha Mwanahawa. Alikumbuka siku ya kwanza alipolileta gari nyumbani kwa Sabiri, ana furaha, akamwamkia kupitia dirishani injini ikinguruma. Sabiri alimpa mgongo. Unaniamkia au unanipigia honi? alimwambia. Zima kwanza, ndipo uniamkie kama mtu. Tangu siku hiyo Mwanahawa akamzimia Sabiri, na akawazimia wazee wote wa mji, ili asitokee wa kusema Mwanahawa kapata gari kapoteza adabu. Na waliposema gari lake bovu, aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa huyohuyo.

"Sasa nifanyeje? Nisiamkie?"

"Shuka. Liache lingurume, nenda ukaamkie kwa miguu yako."

"Watasema."

"Mama," alisema Emilian, akijipangusa vumbi, "si wameshasema?"

Mwanahawa alimsimulia Mussa jioni ile uani, maneno yote, hata kicheko. Mussa alikuwa analainisha mguu wa kitanda cha mninga. Alisikiliza mpaka mwisho, randa imesimama.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema.

"Si yeye peke yake. Na mimi mjinga."

"Wewe ulimheshimu." Mussa aliweka randa chini. Alikuwa mtu ambaye hasira humfikia kwa kuchelewa, na ikifika haipigi kelele. "Kaka alitaka heshima, akapewa. Heshima hiyo imetugharimu tabo mbili na cherehani. Sasa anataka na gari, na mbao."

Aliokota randa akaendelea na kazi, lakini Mwanahawa aliona mguu ule wa kitanda umepungua kuliko inavyotakiwa.

*

Jumapili Bundala alikuja mapema na pikapu yake na kamba nene ya kuvutia. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyejua kwamba ameingizwa katika ugomvi. Sabiri alimkaribisha barazani, Bi Zuwena akaleta kahawa na kashata. Walitazamia kumwona Mussa akija na vijana, wanasukuma.

Badala yake walisikia mngurumo. Ulitokea upande wa barabara ya Urambo, maana Mwanahawa alikuwa kwanza amelikimbiza huko na kulirudisha, na kwenye kiti cha pili, magoti yamemfika kidevuni, alikaa Mussa. Asubuhi ile alisema tu, "Leo nitapanda," akaingia kichwa kwanza, akakwama, akatoka, akaingia upya. Tabo ilipopiga mluzi alishika mlango, na baadaye akauachia.

Gari lilisimama mbele ya baraza. Sabiri alikuwa amesimama na kanzu yake. Mkono wa Mwanahawa, kwa mazoea, ukaenda kwenye ufunguo.

Mussa akaushika.

"Usizime," alisema.

Akatoka, mguu kwanza, kofia ikaanguka, akaiokota akaivaa.

"Shikamoo, kaka!"

"Nini?"

"Shikamoo!"

"Zima hilo dude!" alipiga kelele Sabiri.

"Haliwezi kuzimwa sasa. Limetoka mbio. Likizimwa linakufa, na tabo zote mbili zimekufa kwa kuzimwa ili uamkiwe."

"Mussa! Mimi nimesimama hapa, linaningurumia?"

"Ndiyo, kaka. Vumilia kidogo."

Bundala alikuwa ameshuka barazani na kikombe chake. Aliinama, akategea sikio, uso ukamchanua.

"Mzee Sabiri, mbona hili ni zima? Uliniambia limekufa."

"Haliuzwi, ndugu yangu," alisema Mwanahawa, akitoka upande wake. "Umesumbuliwa bure, utuwie radhi."

Sabiri hakumtazama. "Mussa, nakuuliza wewe. Unaniletea gari au huniletei?"

"Gari ni lake. Mimi sina neno juu ya gari lake." Mussa alilazimika kupaza sauti, na huenda ndiyo mara ya kwanza maishani kumpazia sauti kaka yake. "Langu ni mbao. Kesho naziondoa."

Sabiri alikuwa tayari kwa mengi. Kwa kuombwa, kwa kuliliwa, kwa kuletewa wazee wa kusuluhisha. Kwa hilo hakuwa tayari.

"Utazipeleka wapi?"

"Uani kwangu."

"Mvua ikinyesha?"

"Zitalowa. Na mimi nitalowa."

"Karakana ya miaka yote hiyo! Kwa ajili ya mchezo wa mwanamke!"

"Ulinilea, kaka, na shukrani zangu hazijaisha. Ungeitaka karakana kwa sababu una shida nayo, ningekuachia leo na kukusaidia kufagia. Lakini umeitumia kama fimbo ya kumpigia mke wangu, na mimi nikakaa kimya kwenye mkeka wako. Ule ukimya ndio ulionitia haya. Kupakiwa na mke si kitu."

Bi Zuwena aliweka birika chini. Mwanahawa akageuka asije akalia mbele yao. Akajiinamisha ndani ya gari, akaisikiliza injini ikitulia, ikashusha sauti yake ya kawaida. Akangoja mpaka aliporidhika yeye. Ndipo akazungusha ufunguo.

Mwanahawa alitengeneza ushungi wake, akamsogelea Sabiri, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," alisema Sabiri.

Neno lilikuwa limeshamtoka. Hakulikusudia, maisha yake yote hakuwahi kuiacha shikamoo ikaning'inia, na ulimi haukungoja ruhusa. Bi Zuwena alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakimtikisika. Bundala alikunywa kahawa ambayo ilikuwa imekwisha.

Sabiri akakunja uso, akairudisha sauti yake. "Kesho jioni nisikute hata ubao mmoja."

"Hutaukuta," alisema Mussa.

Wakaingia garini, kila mmoja kwa taabu yake. Mwanahawa akawasha, na Matobolwa likaitika mara moja. Akatazama kioo, akataka kukata kushoto, njia ya vichochoro ya kwenda Ipuli, ambayo Jumapili haina watu.

"Pitia sokoni," alisema Mussa, akikaza kofia yake. "Watuone."